Saa ya Marehemu Baba

Ndugu zangu, Seiko 5 ya marehemu baba niliwahi kumwachia fundi mmoja mjini. Ikarudi inang'aa, kumbe ndani mashine si yake. Mpaka leo inaniuma.

Sasa hapa Jeppestown, upande wa Jules Street, nimepata fundi saa mwaminifu. Hufungua saa mbele yangu. Mgongoni mwa Seiko, namba iliyo kabla ya kistari, kama 7009, ndiyo aina ya mashine. Na ndani tunaitazama iwe ile ile. Namba huiandika katika risiti, bei huitaja kabla ya kazi, na kipuri kilichochakaa hunirudishia.

Fundi akikataa hayo, chukueni saa yenu mwende zenu. Saa dukani zimejaa. Ya mzazi ni moja.