Mzigo ukikaa vibaya mkokotenini, punda ndiye huumia

Barabara itokayo Machakos kuelekea Wote hupitia Kola, kwenye milima na miteremko. Katika maeneo kama hayo ya Ukambani, punda na mkokoteni wake ndio wafikishao maji nyumbani msimu wa kiangazi. Kila mchotaji anajua kuwa mtungi wa lita 20 una uzito wa kilo 20. Lisilozingatiwa sana ni mahali mtungi huo unapowekwa.

Mkokoteni wa magurudumu mawili hufanya kazi mithili ya mizani, na ekseli ndiyo egemeo. Mzigo ulio juu ya ekseli barabara hubebwa na magurudumu, naye punda huachiwa kuvuta tu. Ukisogea mbele, sehemu ya uzito humkandamiza mgongoni kupitia miti ya kuvutia. Ukirudi nyuma, miti huinuka na mkanda wa tumboni humbana.

Hesabu yenyewe si ngumu. Chukua mitungi 15, yaani kilo 300, na mkokoteni ambao miti yake humshika punda mita mbili mbele ya ekseli. Kitovu cha mzigo kikisogea mbele kwa sentimita 20, ambazo ni kama shibiri moja, mnyama huyo hubebeshwa kilo 30 mgongoni huku akiendelea kuvuta. Hapo ndipo vidonda vya mgongo huanza.

Hata hivyo, kusawazisha kabisa nako hakufai, kwani miti hurukaruka kila gurudumu liingiapo shimoni. Panahitajika uzito kidogo mbele, kiasi ambacho mtu anaweza kuiinua miti kwa mkono mmoja kabla ya kumfunga punda.

Wenye magari yanayovuta tela wana tatizo lilo hilo. Inashauriwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela ikae kwenye kiungio. Ikipungua, tela huyumba. Ikizidi, gari huinama nyuma, na magurudumu ya mbele, ambayo ndiyo ya usukani, hukosa mshiko. Nchini Marekani, wavutao nyumba za magurudumu hutumia kiungio chenye vyuma vya springi ambacho hurudisha sehemu ya uzito huo kwenye magurudumu ya mbele ya gari na mengine kwenye ekseli ya tela. Kifaa hicho hakipunguzi hata kilo moja ya mzigo, wala hakiponyi tela iliyopakiwa nyuma kupita kiasi.

Punda hana springi. Kwenye mteremko unaoshuka mita moja kwa kila mita 10, kilo 300 humsukuma kwa nguvu ya takriban kilo 30, na mikokoteni mingi haina breki. Mitungi iliyopangwa juu ya mingine huongeza uzito wa mbele wakati wa kushuka, na pipa lililojaa nusu ni baya zaidi kwa kuwa maji yote hukimbilia mbele.

Sheria ya kuzuia ukatili dhidi ya wanyama, Sura ya 360, inakataza kumbebesha mnyama kupita kiasi. Mfuko nao una lake la kusema: sensa ya 2009 ilihesabu punda zaidi ya milioni 1.8 nchini Kenya, lakini ile ya 2019 ikapata takriban milioni 1.2, baada ya machinjio ya punda kufunguliwa kuanzia 2016. Aliyejeruhiwa si rahisi kumpatia mbadala.

Kosa ambalo ni rahisi kulisahau hutokea wakati wa kuuza. Muuzaji wa maji huanza na mitungi ya nyuma kwa sababu ndiyo iliyo karibu na mkono. Ikibaki mitano ya mbele, sentimita 60 kutoka kwenye ekseli, mzigo umepungua hadi kilo 100, lakini mgongo wa punda ungali unabeba kilo 30.