Anatapika, Kisha Analilia Titi

Karibu kila mtoto mchanga hucheua. Mama anafuta kwa kanga, basi. Wa kuangaliwa ni yule wa wiki tatu hadi sita ambaye maziwa yanamruka kwa nguvu kila anaponyonya, halafu analilia titi tena kwa njaa. Nepi zinabaki kavu, na uzito kwenye kadi ya kliniki unashuka. Wavulana hupatwa karibu mara nne zaidi ya wasichana.

Msuli wa mlango wa chini wa tumbo, maziwa yanapopitia kuingia utumbo mwembamba, umenenepa na kubana njia. Daktari mwenye subira akimpapasa mtoto aliyetulia anaweza kugusa kivimbe kigumu kama tunda la kahawa, nalo kila mtu Mbinga analijua. Si ugonjwa wa Ulaya tu: mwaka 2015 madaktari wa Mwanza walichapisha taarifa ya watoto 102 waliopasuliwa ndani ya miaka mitano.

Hatari kubwa imo ndani ya damu. Anayeharisha hupoteza bikaboneti, na damu yake huelekea kwenye asidi. Huyu ni kinyume chake: kila akitapika anamwaga asidi ya tumboni pamoja na kloridi, bikaboneti inazidi. Figo zinang'ang'ania chumvi na maji, potasiamu inapotea. Mwishowe zinatoa hata asidi kwenye mkojo, wakati damu ndiyo inayoihitaji. Pumzi nazo hupungua kina. Akipewa dawa ya usingizi katika hali hiyo, anaweza kuacha kupumua baada ya upasuaji.

Ndiyo maana kisu husubiri. Upasuaji wenyewe, alioueleza Conrad Ramstedt wa Ujerumani mwaka 1912, ni mfupi: msuli unachanwa, utando wa ndani unaachwa mzima. Kwanza ni dripu ya maji ya chumvi yenye glukosi, na potasiamu mtoto akishakojoa, hata ikichukua siku mbili. Ringa laktati haifai hapa, kwa sababu ini hugeuza laktati kuwa bikaboneti.

Kutoka Mbamba Bay hadi hospitali ya rufaa ya mkoa, Songea, ni zaidi ya kilomita 150. Dripu ianzie kituo cha karibu, na siku zisipotee kwa dawa za gesi.

Matapishi ya ugonjwa huu hayana nyongo. Yakiwa ya kijani, huenda utumbo umejisokota, na mtoto huyo asafirishwe saa hiyohiyo, hata usiku.