Askari na Figo Zake

Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa nchini Burundi juu ya watu 300 wenye virusi vya UKIMWI. Karibu 46 katika kila 100 walionekana kuwa na ugonjwa sugu wa figo. Wengi wao walikuwa katika hatua za mwanzo, wala hakuna aliyefikia hatua mbili za mwisho. Habari hiyo yauma, lakini ina faraja, maana ugonjwa ukigunduliwa mapema huweza kuzuiwa.

Virusi vyenyewe, vikiachwa bila dawa, hushambulia figo. Kwa hiyo aliyechelewa kuanza tiba, hata kinga yake ikashuka, yumo hatarini kuliko mwenziwe. Hatari huzidi kwa umri mkubwa, shinikizo la damu, kisukari na homa ya ini. Dawa iitwayo tenofovir, waimezayo wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki, nayo huweza kudhuru figo za watu wachache. Asitokee mtu akaacha tiba kwa hofu hiyo! Utafiti wa DART, ulioanza mwaka 2003 kwa watu 3,316 nchini Uganda na Zimbabwe, ulionyesha kwamba madhara makubwa ya figo yalitokea mara chache.

Linalomhusu askari hasa, awe Kizuka, Rumonge mjini au kwenye doria ya ziwa, ni hili. Ametembea juani na mzigo, jasho limemwishia, mgongo unamuuma. Ananunua diklofenaki dukani. Dawa za namna hiyo hupunguza damu iendayo kwenye figo. Zikikutana na ukosefu wa maji mwilini pamoja na tenofovir, figo zaweza kushindwa kwa muda wa siku chache. Naye mganga wa kikosi hana habari, kwa kuwa askari ameficha hali yake akichelea maneno ya kambini. Mganga amefungwa na wajibu wa kutunza siri, lakini hawezi kumchagulia dawa ya maumivu iliyo salama zaidi, kama parasetamoli, mtu asiyejua anameza nini.

Vipimo vyenyewe ni vyepesi: kijikaratasi kichovywacho katika mkojo huonyesha protini, na damu kidogo huonyesha kreatinini. Dolutegravir hupandisha kreatinini kidogo pasipo kuumiza figo, hivyo tafsiri ya majibu aachiwe daktari. Kuvimba miguu kusingojewe. Mara nyingi huja baada ya figo kudhoofika sana.