Wayahudi wa Rhodes: Kisiwa Kimoja, Dola Tatu

Sinagogi la Lubumbashi lilijengwa katika enzi ya Wabelgiji, mji ulipokuwa ungali ukiitwa Elisabethville. Wengi wa waliosali humo walitoka mahali pamoja: kisiwa cha Rhodes, katika bahari ya Mediterania. Wapo waliofika Katanga na hati za Kiitaliano, ilhali nyumbani walizungumza Kihispania cha kale, na wazazi wao walizaliwa wakiwa raia wa Sultani wa Uturuki. Kisiwa chenyewe leo ni sehemu ya Ugiriki. Mtu wa namna hii huhesabiwa kuwa wa wapi?

Wayahudi walikuwako Rhodes tangu kale, lakini jamii inayohusika hapa ilitokana na wale waliofukuzwa Hispania mwaka 1492. Sultani Suleiman alipokiteka kisiwa mwaka 1522, wengi wao walihamia huko chini ya himaya yake. Sinagogi lao la Kahal Shalom, la mwaka 1577, lingalipo. Lugha yao, Kiladino, ilibaki ya Kihispania katika shina lake, lakini iliyapokea maneno ya kila jirani. Siku ya Jumapili huitwa *alhad*, kwa Kiarabu, kwa kuwa jina la Kihispania la siku hiyo lina maana ya siku ya Bwana wa Wakristo. Mgeni anayekaribishwa nyumbani huitwa *musafir*, neno lililopitia Kituruki kutoka katika Kiarabu. Mzungumzaji wa Kiswahili atalitambua mara moja: ni ndugu wa msafiri, ila kwa Waladino aliyekuwa njiani amekwisha kuingia ndani na kuketi.

Mwaka 1912 Italia ilikitwaa kisiwa, na mkataba wa Lausanne wa mwaka 1923 ukaithibitishia umiliki huo. Hakuna aliyehama nyumba. Aliyehama ni mtawala. Watoto walisoma Kiitaliano, na wakazi wakapewa uraia wa Italia uliopunguzwa: mwenye uraia huo hakupata haki za kisiasa, wala hakuitwa jeshini. Hata hivyo, wengi waliuona kuwa mlango wa maendeleo. Ndipo mwaka 1938 serikali ya Mussolini ilipotunga sheria za ubaguzi wa rangi. Baadhi walivuliwa uraia, na waliohesabiwa kuwa wageni waliamriwa kuondoka katika kisiwa walichokaa babu zao kwa karne nne. Chuo cha marabi kikafungwa. Sehemu ya walioondoka iliwafuata jamaa zao waliokwisha kutangulia Kongo na Rhodesia.

Kwa waliobaki, hati ikawa jambo la kufa na kupona. Wajerumani waliingia Rhodes mwezi Septemba 1943. Mwezi Julai 1944 wanaume wa Kiyahudi waliamriwa wafike na vitambulisho vyao; wanawake na watoto wakafuata. Tarehe 23 Julai watu zaidi ya 1,600 walipakiwa melini kupelekwa Pireo, na kutoka Athens wakasafirishwa kwa treni hadi Auschwitz. Walionusurika walikuwa yapata 150 tu. Lakini balozi mdogo wa Uturuki, Selahattin Ülkümen, aliwadai Wajerumani wamrudishie raia wa nchi yake. Akaongeza kwamba, kwa sheria ya Uturuki, mume au mke wa raia naye ni raia. Sheria ya namna hiyo haikuwako. Watu zaidi ya 40 waliachwa kwa hoja yake. Yafaa kuliangalia jambo hili kwa makini: majirani wa mtaa mmoja, wa lugha na dini moja, walitenganishwa na karatasi ya dola iliyokwisha kuondoka kisiwani miaka zaidi ya 30 nyuma.

Ugiriki ilipokabidhiwa kisiwa kwa mkataba wa mwaka 1947, mtaa wa Wayahudi ulikuwa karibu mtupu. Urithi wake uliendelea ng'ambo. Rabi Moïse Levy, aliyesoma katika chuo kile cha Rhodes, alifika Elisabethville mwaka 1937 akawaongoza Wayahudi wa Kongo kwa miongo mingi. Nissim Soriano, naye mtu wa Rhodes, alifanya biashara ya samaki Katanga. Mtoto wake kwa mama Mkongo ni mwanasiasa Moïse Katumbi. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inasema kwamba uraia wa Kikongo ni mmoja, nao hauchanganywi na mwingine wowote. Mwaka 2018, habari ya kwamba Katumbi aliwahi kuwa na uraia wa Italia ilizusha mabishano makubwa nchini.