Je, Wajua? Fundi Hufungua Hata Bomba Zima

Fundi bomba wa hospitali nchini Uingereza haitwi penye uvujaji tu. Huingia hata chumba kisicho na mgonjwa, akafungua bomba zima kabisa, akaacha maji yamwagike, akakinga kipimajoto, akaandika namba, akaondoka.

Ukimwona utadhani anachezea maji!

Anachokiwinda ni Legionella, bakteria wanaostawi kwenye maji yaliyotuama yenye nyuzijoto 20 hadi 45 na kuingia mapafuni kwa matone madogo ya bafu la manyunyu. Walijulikana baada ya mkutano wa maveterani hotelini Philadelphia, Marekani, mwaka 1976, uliofuatiwa na vifo vya watu zaidi ya 25.

Ndiyo maana tangi la maji ya moto hospitalini huwekwa nyuzijoto 60.