Hisa ya Kwanza Wakati wa Ukata

Uchumi unapodorora bei za hisa hushuka, na hapo hapo hujitokeza washauri wa kuwahimiza watu wanunue. Hoja yao si ya kipuuzi. Anayepata sehemu ya kampuni nzuri kwa bei ya kutupa ana nafasi ya faida kubwa kuliko aliyeinunua soko lilipochangamka. Lakini ushauri huo humtazama mnunuzi kana kwamba hana kazi ya kupoteza, wala kodi ya nyumba, wala karo ya Januari. Kwa mume na mke wanaotaka kununua hisa yao ya kwanza, unafuu wa bei ni jambo la pili. La kwanza ni muda: pesa hizo zinaweza kukaa miaka mingapi bila kuguswa, hata mmoja wao akiachishwa kazi?

Tazama yaliyotokea Kenya mwaka 2008. Ghasia za baada ya uchaguzi ziliuvuruga uchumi, na ukuaji uliokuwa takriban asilimia 7 mwaka uliotangulia ukaporomoka hadi chini ya asilimia 2. Katikati ya hali hiyo serikali iliuza hisa bilioni 10 za Safaricom, robo ya kampuni nzima, kwa shilingi 5 kila moja. Watu zaidi ya laki nane waliomba, wengi wakiwa hawajawahi kumiliki hisa yoyote, na baadhi yao walikopa benki ili waombe nyingi. Maombi yalizidi hisa zilizokuwepo mara kadhaa, hivyo wengi wakaambulia kipande tu cha walichoomba. Zilipoingia sokoni mwezi Juni bei ilipanda kupita shilingi 7. Kisha mabenki ya Marekani yakayumba, Lehman Brothers ikafilisika mwezi Septemba, na mapema mwaka 2009 hisa ile ilikuwa chini ya shilingi 3. Chukua familia mbili zilizonunua kwa bei ile ile. Yenye deni la benki ilibanwa iuze kwa hasara huku riba ikiendelea kuhesabiwa. Iliyotumia akiba isiyo na haraka iliweza kukaa ikipokea mgao wa faida, na kufikia Agosti 2021 bei ilikuwa imepita shilingi 40. Subira ya familia ya pili haikutokana na ujasiri wowote. Ilitokana na kutodaiwa.

Mdororo hauishii kwenye bei za hisa. Kinachoishusha hisa ndicho hicho hicho hukata mishahara, na mara nyingi kwa wakati mmoja. Mwaka 2020, Corona ilipozuia safari, Kenya Airways ilipunguza wafanyakazi, na mwezi Julai hisa zake zikasimamishwa kuuzwa katika Soko la Hisa la Nairobi huku mpango wa serikali kulitwaa shirika ukijadiliwa. Mpango haukutimia, na hisa hazikurudi sokoni hadi Januari 2025. Mfanyakazi aliyeachishwa akiwa na hisa za shirika lile hakuwa na mshahara, na kuuza sokoni hakukuwezekana, hata kwa hasara. Kwa hiyo akiba ya matumizi ya miezi kadhaa itangulie, iwekwe mahali inapotolewa haraka, na iwe nene zaidi ikiwa mume na mke wanategemea sekta moja. Hisa ya kwanza isiwe ya mwajiri wao.

Wapo watakaosema kwamba akiba hiyo ikija kukamilika, bei zitakuwa zimeshapanda. Huenda. Soko la New York lilianza kupanda Machi 2009, miezi kadhaa kabla uchumi wa Marekani haujatoka kwenye mdororo, na waliongoja habari njema walichelewa. Lakini wasiwasi huu huchukulia kwamba kuna siku moja tu ya kununua. Wanandoa wanaweza kununua kidogo kidogo kila wanapobakiwa na ziada, bila kujidai wanaijua siku ya bei ya chini kabisa, maana siku hiyo huonekana ikishapita. Waliodhani Safaricom ya shilingi 30 ni rahisi, kwa kuwa ilishavuka 40, waliiona ikishuka chini ya 15 mwishoni mwa 2023.

Pingamizi zito zaidi ni la hati fungani. Februari 2024 serikali ya Kenya iliuza hati ya miundombinu yenye riba ya asilimia 18.46 isiyokatwa kodi; nani basi ahangaike na hisa? Kwa pesa inayotafuta mapato ya uhakika, nakubali bila ubishi. Ila riba ya namna ile huletwa na dhiki ya serikali na haipatikani kila mwaka, na hati hulipa kilichoahidiwa, haizidishi. Kampuni inaweza kukua na kuongeza mgao. Inaweza pia kufa: Mumias Sugar iliwekwa chini ya msimamizi wa benki iliyoidai mwaka 2019, na wenye hisa ni wa mwisho kwenye foleni ya malipo.

Limebaki suala la jina, ambalo wengi hulipita wakidhani ni karatasi tu. Akaunti ya hisa inaweza kufunguliwa kwa majina mawili. Chini ya Sheria ya Mali ya Ndoa ya Kenya ya 2013, mali iliyo kwa majina ya wote huchukuliwa kuwa ya wote sawasawa hadi ithibitishwe vinginevyo. Iliyo kwa jina la mmoja huchukuliwa kwamba anamshikia mwenzake, nayo hiyo yaweza kupingwa mahakamani. Na kama mmoja ndiye pekee ajuaye kwamba hisa zipo, kifo chake huziacha bila mdai. Mamlaka inayoshikilia mali ya kifedha isiyodaiwa nchini humo imepokea hisa na migao ya namna hiyo, na mjane au mgane anayeifuata hudaiwa hati za mirathi kwanza.