Turbo Ikikwama, Usikimbilie Kununua Nyingine

Huenda kijijini kwako ipo pikapu moja ya dizeli ifanyayo kazi ya watu wote. Alfajiri hupeleka mboga sokoni, mchana huleta mbolea na saruji, na usiku, mama akishikwa na uchungu, ndiyo impelekayo hospitali. Basi siku moja gari hilo lashindwa mlima uliozoeleka. Dereva akanyaga mafuta mpaka mwisho, lakini gari lajikokota tu na kutoa moshi mweusi. Aliyeitwa kulitazama asema: “Turbo imekufa, nunua nyingine.” Na bei ya turbo mpya yaweza kumeza akiba yote ya nyumba.

Kabla hujatoa fedha hizo, ujue jambo hili: yawezekana turbo haikufa, bali imekwama.

Turbo ni nini? Ni magurudumu mawili madogo yenye mapanga, yaliyofungwa katika mhimili mmoja. Moshi utokao katika injini huzungusha gurudumu la kwanza. La pili huvuta hewa safi na kuisukuma ndani ya silinda. Hewa ikiwa nyingi, dizeli huungua vizuri, na nguvu huongezeka. Alfred Büchi, mhandisi wa Uswisi, ndiye aliyeandikisha fikira hiyo mwaka 1905.

Katika turbo nyingi za siku hizi, gurudumu la moshi limezungukwa na vibao vidogo vya chuma. Vikifunga njia, moshi hupita kwa kasi na turbo husukuma hewa kwa nguvu. Vikifungua, nguvu hiyo hupungua. Vibao hivyo huendeshwa na kifimbo cha chuma kitokacho katika kopo dogo lililo kando ya turbo. Kopo hilo mafundi huliita akchueta. Ndani yake mna ngozi ya mpira na springi. Hewa ikinyonywa kwa mpira mwembamba, kifimbo huvutwa. Ikiachwa, springi hukirudisha.

Hapo ndipo taabu huanzia. Masizi na kutu hujaa kwenye kiungo cha kifimbo na kwenye vibao. Vikikwama vikiwa wazi, gari hukosa nguvu. Vikikwama vikiwa vimefunga, hewa huzidi kipimo. Kompyuta ya gari huona hatari na kuipunguza injini nguvu. Ukizima na kuwasha tena, huenda nguvu zikarudi kwa muda, kisha zikapotea mlimani.

Basi fanya hivi. Kwanza, ngoja injini ipoe kabisa, kwa maana turbo huwa ya moto wa kuunguza. Egesha gari mahali tambarare penye hewa, vuta breki ya mkono, weka mawe kwenye magurudumu.

Pili, tazama mipira yote myembamba toka pampu ya kunyonya hewa mpaka kwenye kopo. Mpira uliopasuka ni kitu cha bei ndogo, nao huleta dalili zile zile.

Tatu, mmoja awashe injini na mwingine atazame kifimbo bila kukigusa. Katika magari mengi ya aina hii, kifimbo huvutwa injini inapowaka, na hurudi inapozimwa. Kisipokwenda, zima injini, na fundi alijaribu kopo kwa pampu ya mkono ya kunyonya hewa. Kopo lisiposhika, ngozi yake imetoboka. Libadilishwe hilo, si turbo nzima.

Nne, kopo likiwa zima na kifimbo kizito, nyunyizia kiungo mafuta ya kulegeza kutu, uyaache yaingie. Kisha sogeza kifimbo pole pole, mbele na nyuma, mara nyingi, mpaka kiende chote na kurudi chenyewe. Usitumie nyundo. Usipake grisi, maana joto huiunguza ikawa uchafu mpya. Na ile skrubu ndogo ya kuzuia mwendo wa kifimbo usiiguse: ndiyo kipimo chake.

Lakini angalia! Magari mengine, kama zile Toyota Hilux za injini ya D-4D ya lita 3 zenye mota ya umeme mahali pa kopo, hayafai kulazimishwa kwa mkono. Meno yaliyomo ndani yaweza kuvunjika. Hayo yapimwe na fundi mwenye mashine ya kusomea kompyuta ya gari.

Ikiwa kiungo kimelegea na vibao vya ndani bado vimeshika, turbo ifunguliwe na kusafishwa. Ikiwa mhimili unacheza sana, au mapanga yamekatika, au oili yavuja ndani, hapo kweli turbo imekwisha.

Ili isikwame tena, badili oili kwa wakati wake, wala usiache injini ingurume bure saa nzima sokoni, kwa kuwa huko ndiko kulimbikiza masizi. Mara kwa mara, injini ikiisha kupata moto, ipe kazi ya kweli barabarani. Na baada ya mlima mrefu, iache dakika moja au mbili kabla ya kuzima.

Kwa hiyo, utakapoambiwa ununue turbo, mwulize fundi kwa adabu: “Bwana fundi, kifimbo kinakwenda?” Asiyekitazama bado hajajua ugonjwa wa gari lako.